MGUU UMEVIMBA, BIBI ANA KOSA GANI?



Leo siandiki juu ya bei ya pamba. Naandika juu ya uvimbe, maana hapa kwetu uvimbe umekuwa kesi. Mtu akiamka mguu umevimba hasemi, "Nimeteguka." Anasema, "Nimekanyaga dawa." Jioni yuko kwa mpiga ramli. Kesho yake bibi kizee mmoja mwenye macho mekundu hasalimiwi tena. Keshokutwa ni panga. Mambo haya yametokea Usukumani mara nyingi, msijifanye hamjui.

Mimi pia nina kosa, na nalisema mwenyewe kabla hamjalisema ninyi. Msimu mmoja wa kuvuna pamba mguu wangu ulivimba. Nilichanjwa chale, nikapakwa mavi ya ng'ombe, nikatajiwa jirani yangu, mama mzee. Nikamnyima salamu msimu mzima. Mwisho mguu ukatoa usaha, nikaenda zahanati. Mwuguzi akapasua, akatoa kipande cha mwiba wa mgunga. Mwiba, ndugu zangu! Niliukanyaga mwenyewe kwa kwenda shamba pekupeku. Nilipokwenda kumwomba radhi yule mama, alinikaribisha uji. Aibu ile iliniuma kuliko mguu.

Na hayo macho mekundu? Jamani, tunapikia mavi ya ng'ombe na mabua ya pamba ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Mama amepuliza moto huo miaka 50. Macho yake yameumizwa na moshi kama mguu wako ulivyoumizwa na mwiba. Basi mgonjwa anamshitaki mgonjwa mwenzake!

Uvimbe ni mwili unajitetea. Damu na maji hukimbilia mahali palipoumia, ndiyo sababu panapata joto na maumivu. Kwa hiyo tufanye hivi:

1. Ukiteguka, pumzisha mguu na uuinue juu ya gunia au mto. Weka kitambaa cha maji baridi ya mtungi kama dakika 20, rudia mara kadhaa kwa siku mbili za kwanza. Usichue. Ukifunga kitambaa, usikaze mpaka vidole vife ganzi.

2. Jipu dogo likande kwa maji ya vuguvugu. Usilikamue.

3. Usichanje. Wembe wa watu wengi huleta UKIMWI na homa ya ini. Mavi ya ng'ombe kwenye kidonda huleta pepopunda.

4. Vidonge vya diklofenaki si karanga. Huumiza tumbo na figo, hasa kwa wazee na wenye presha. Mjamzito asivinunue dukani kwa kujiamulia.

5. Hawa waende kwa mganga wa Serikali siku hiyo hiyo: mwenye uvimbe na homa, aliyevimba mguu mmoja bila kuumia, mjamzito aliyevimba uso na mikono, kichwa kinamwuma, mtoto aliyevimba miguu yote miwili, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki, maana huo huweza kuwa utapiamlo, na aliyeumwa na nyoka. Huyu wa nyoka msimchanje wala msimfunge kamba. Atulie, mumbebe haraka.

Wapo watakaosema Katibu anadharau dawa za mababu. Sidharau. Mwenye mitishamba hana ugomvi nami. Ugomvi wangu ni na yule anayetaja jina la mtu. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na kumwita mtu mchawi ni kosa. Mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Lakini nani anawapelekea kuku na mbuzi? Ni sisi wenyewe!

Mimi nilijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la watu wazima. Tuliambiwa ujinga ni adui. Nilidhani ujinga ni kutojua herufi tu. Sasa nimeelewa: mtu anaweza kusoma karatasi hii yote, kisha jioni akaenda kwa mpiga ramli.

Atakayevimba mguu aje kwangu, hata usiku. Baiskeli ya kumpeleka zahanati ipo. Na akimwona bibi njiani, amsalimu.



Katibu wa Tawi