Hola Si Klipu ya Mafuriko: Tumeni Skripti

Wasee wa Hola, na nyinyi wa Garsen, Bura na Madogo mnaonisoma usiku bando ikiwa bei poa: wacheni huu wimbo wa "mashindano ya skripti ni ya watoto wa Nairobi". Nimeusikia maskani. Nimeusikia ndani ya matatu. Juzi nimeusikia kutoka kwa msee ambaye ana stori tatu kichwani, stori za kufanya ukumbi mzima unyamaze, na hajaandika hata moja. Anangoja koneksheni.

Koneksheni gani, bana? Hapa hukutani na produsa akinywa chai hotelini. Hakuna mjomba wako aliye kwenye runinga. Mtu wa Nairobi anaweza kujuana na watu mpaka apate kazi. Wewe utajuana na nani, mwenye bodaboda? Kwa mtu wa mbali, shindano ndiyo njia pekee ambapo karatasi yako inaingia kwenye chumba ambacho wewe huwezi kuingia. Mimi niliacha chuo, na hakuna fomu ya shindano niliyowahi kujaza iliyoniuliza kwa nini. Fomu za kazi zinauliza ukurasa wa kwanza.

Na kuna sababu kubwa kuliko mimi na wewe kupata doh. Hebu tafuta "Hola" mtandaoni sasa hivi. Utapata mafuriko. Utapata mifugo iliyokufa kwa ukame. Utapata yale mapigano ya 2012 kule Tana Delta. Yote yalitokea, sibishi. Lakini mengi yameandikwa na mtu aliyefika asubuhi na gari na kuondoka jioni, na ndani yake sisi ni watu wa kusimama majini tukitazama kamera.

Hii si tabia ya leo. Machi 3, 1959, mahabusu 11 walipigwa na walinzi hadi wakafa katika kambi ya Hola. Taarifa ya kwanza ya serikali ya mkoloni ilisema walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Maji! Hiyo ndiyo skripti ya kwanza ya Hola ambayo ulimwengu ulisomewa, na aliyeiandika hakuwa mtu wa hapa. Ukweli ulipotoka, habari ikafika Bunge la Uingereza ikawaaibisha. Lakini ona jinsi ilivyo rahisi: ukikaa kimya, mwingine anakuandikia, na anaandika maji.

Sasa tuje kwa wanaosema haiwezekani. Mwaka 2021 Netflix na UNESCO walifungua shindano la filamu fupi kwa vijana wa Afrika kusini mwa Sahara: chukua ngano ya kwenu, isimulie upya. Kuanza, hawakutaka skripti nzima wala cheti cha chuo. Walitaka muhtasari mfupi wa wazo, maneno yasiyozidi 500, pamoja na kiungo cha kazi uliyowahi kufanya. Maombi yakapita 2,000. Washindi wakawa 6, na watatu kati yao ni wa hapa kwetu Afrika Mashariki: Voline Ogutu wa Kenya, Walt Mzengi Corey wa Tanzania na Loukman Ali wa Uganda. Kila mshindi alipata dola 25,000 zake, na bajeti ya dola 75,000 ya kutengeneza filamu. Machi 2023 filamu zote zikaingia Netflix.

Angalia walichoandika lakini. Ogutu alichukua zimwi, lile lile tulilotishiwa nalo tulale, akalitumia kuzungumzia mateso ndani ya nyumba. Corey alichukua mtoto aliyefinyangwa kwa udongo na mama asiye na mtoto, akamtuma kutafuta mwisho wa ukame. Ukame! Udongo! Sisi tunaoishi kati ya mto unaofurika na malisho yanayokauka ndio tumekosa la kusema? Nyanya yako ana ngano ngapi ambazo umezisikia mara moja tu, ukiwa na simu mkononi, masikio nusu?

Najua hesabu. Sita kwa elfu mbili ni kama watatu kwa elfu moja. Kwa hivyo utapoteza. Nakwambia mapema ili usije ukaniandama: karibu kila anayeingia hupoteza, na hata anayeshinda moja alishapoteza mengine. Hapo ndipo wale wa "ni bahati nasibu tu" wanafurahi. Lakini tofauti ni hii. Ukipoteza kwenye kamari unabaki bila kitu. Ukipoteza kwenye shindano la skripti unabaki na skripti. Kabla ya ile tarehe ya mwisho ulikuwa na "idea", na idea kila mtu anazo, hata yule wa maskani. Tarehe ndiyo inakulazimisha kuandika ule mwisho ambao umekuwa ukiukwepa.

Tena kuandika kwenyewe kunakufunza kitu ambacho TikTok haikufunzi. Skripti si insha. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya filamu, kwa hivyo filamu ya dakika 10 ni kurasa 10 hivi. Unaandika NJE. UKINGO WA MTO TANA. ALFAJIRI, halafu unaandika tu kile jicho linaona na sikio linasikia. Huwezi kuandika "Hamisi alihuzunika kwa sababu babake aliuza shamba". Kamera haioni "kwa sababu". Lazima Hamisi afanye kitu: achukue jembe la babake, alitazame, aende alitupe mtoni, na mamba ahame kidogo kumpisha. Ukifanya hivyo kurasa 10 bila kudanganya, umejifunza zaidi ya video mia za "jinsi ya kuwa mwandishi".

Na usidhani zawadi huishia mfukoni. Binyavanga Wainaina alishinda Caine Prize mwaka 2002 kwa maandishi, si filamu. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakatoa toleo la kwanza la jarida la Kwani?. Mwaka huo huo wa 2003, Yvonne Owuor akashinda Caine kwa hadithi iliyochapishwa na Kwani?. Umeona? Mmoja ameshinda, akafungua mlango, mwingine akapitia. Halafu hadithi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda iliyoshinda 2007, Jambula Tree, ndiyo Wanuri Kahiu aliigeuza kuwa filamu ya Rafiki, ikafika Cannes 2018. Hadithi ya kurasa chache, iliyoshinda shindano, ikafika mbali hivyo.

Sasa niwageukie walimu wetu, kwa heshima zote. Shindano kubwa la skripti nchini hatulihitaji kulitafuta mbali. Lipo tangu 1959, mwaka ule ule wa kambi ya Hola: tamasha la drama la shule na vyuo, ambalo siku hizi lina filamu pia. Kila mwaka kutoka kaunti ndogo hadi kanda hadi taifa. Na shule nyingi zinafanya nini? Zinamlipa mtu mzima wa nje aandike, watoto wanakariri. Mwanafunzi anatoka na cheti cha kuigiza vizuri mawazo ya mtu mwingine.

Nguvu ya jukwaa hilo mnaijua. Mwaka 2013 mchezo wa wasichana wa Butere, Shackles of Doom, ulipigwa marufuku na Mahakama Kuu ikaondoa marufuku hiyo. Aprili 2025 wasichana wa Butere tena, na Echoes of War, wakafika Nakuru wakaimba wimbo wa taifa wakatoka jukwaani, nje kukiwa na vitoa machozi. Serikali nzima imetetemeka kwa skripti ya shule! Lakini michezo yote miwili iliandikwa na Cleophas Malala, mtu mzima, mwanasiasa. Ana haki ya kuandika, na alionewa. Swali langu ni lingine: msichana wa kidato cha tatu mwenyewe angeandika nini? Hatujui, kwa sababu kalamu hakupewa.

Na ule wimbo walioimba Nakuru, muziki wake umetoka hapa. Ni wimbo wa mama wa Kipokomo wa kumbembelezea mtoto. Taifa zima linausimamia, na wengi hawajui kwamba Tana ilitoa kitu chochote zaidi ya maembe.

Lakini msiende kichwa mbele. Kuna mashindano ya wizi. Likisema kazi zote zilizotumwa, hata zilizoshindwa, zitakuwa mali ya waandalizi, funga hiyo ukurasa. Likitaka ada ya dola 50, hizo ni zaidi ya shilingi 6,000, na bado halikwambii nani anasoma, funga pia. Anza na ya bure. Mengi ya Marekani yanasoma Kiingereza pekee, kwa hivyo usijilaumu ukiona hawakusikii. Na usiogope sana kuibiwa hadi usitume. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda ulichokiandika, hailindi wazo linaloelea kichwani. Maana yake anayeibiwa kirahisi zaidi ni yule anayesimulia maskani bila kuandika. Andika, weka tarehe, jitumie kwa barua pepe, na ukiweza sajili kwa Bodi ya Hakimiliki, wanapokea mtandaoni.

Huna laptopu? Simu inatosha kwa kurasa 10. Vidole vitauma. Kisha lipa saiba dakika chache upange kurasa vizuri.

Kwa kaunti nina ombi moja na si la studio, maana studio ikijengwa itafunguliwa kwa utepe na kufungwa kwa kufuli. Shindano moja kila mwaka, skripti ya dakika 10, Kiswahili, Kipokomo na Kiorma zote ziruhusiwe, jina la mwandishi lifichwe kwa waamuzi ili mtoto wa mzee fulani asipite kwa jina. Zawadi iwe kuitengeneza ile filamu na kuionyesha hapa Hola uwanjani, usiku, bure.

Mwalimu wa drama ataniambia watoto hawawezi, wataandika upuuzi. Wape wanafunzi kurasa nane na wiki tatu kabla ya kumpigia simu yule mwandishi wa nje. Wakiandika upuuzi, pesa zenu bado ziko na namba yake bado mnayo.