Kitabu Kifungwe

Ewe msomaji, usiku wa kuamkia mtihani huyarudia maandishi yako mara tano, ukadhani umeyajua. Wajidanganya! Mwaka 2006, huko Marekani, Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari fupi. Baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili walikumbuka zaidi. Ndiyo ladha inayotulaghai. Juma moja likapita: hao walisaliwa na asilimia 42 tu, na waliosoma mara moja, kisha wakaandika waliyoyakumbuka bila kutazama, asilimia 56. Walimu wa saikolojia hupeana mazoezi ya jambo hili. Mbona wa jiografia na historia wangali wakiamuru, "Someni tena"? Mwombe mwalimu wako maswali matano kila kipindi, yasiyo na alama. Akikataa, jiulize mwenyewe, kitabu kimefungwa.