Usiuze leithi kwa kilo kabla hujaipima

Wasee, niko na maneno na hawa watu wa "hii mashine imeisha".

Anko wangu ana leithi hapa Subukia, nzee kuniliko. Shafti za posho mill, bushi za pampu, ekseli za mikokoteni ya punda, zote hupita hapo. Juzi ikaanza kutetemeka, chuma kinatoka na mawimbi kama mabati. Broka akaja, akatikisa kichwa, akaanza kuhesabu kilo. Kilo! Na anko alikuwa karibu kukubali. Sasa mtu wa posho mill akivunjikiwa shafti aende wapi, Nakuru? Siku nzima na nauli kwa sababu ya bushi moja?

Mimi niliacha enjinia mwaka wa pili (najua, msianze), lakini hili nilitoka nalo: kutetemeka ni dalili tu. Spindo inaweza kuwa na mchezo, yaani inasogea ukiisukuma. Ama haina mchezo lakini haizunguki katikati. Watu huchanganya hizo mbili, na dawa zake ni tofauti kabisa.

Tukaazima dayo geji, ile saa ndogo ya kupima. Tukatoa chaki inayoshika chuma, tukafuta pua ya spindo, ncha ya geji ikakaa juu yake. Anko akainua spindo na kipande cha mti. Sindano ikaruka 0.12 mm kwa nguvu kidogo tu, kisha ikagoma. Huo ni mchezo. Kama ingepanda polepole kadiri unavyosukuma, hapo ni chuma kinajipinda, na chuma chochote hujipinda.

Halafu tukazungusha kwa mkono: 0.01 tu. Spindo iko sawa! Tukarudisha chaki, tukafunga fimbo iliyonyooka: 0.2. Hapo ndipo wengi hulaumu spindo, kumbe ni taya za chaki zimelika. Na chuma kuzunguka nje ya katikati peke yake hakuleti mawimbi. Ukikata kila kitu bila kufungua chuma, bado kinatoka duara.

Beringi zikikwaruzika, kukaza hakusaidii, hapo ni kubadilisha beringi. Zetu zilikuwa safi. Tukakaza nati ya nyuma kidogo kidogo, tukiguza kama inachemka. Mchezo ukabaki 0.02, mawimbi yakaisha.

Kwa maoni yangu, karakana inunue geji kabla ya kuota mashine mpya. Chaki bado mbovu, lakini. Na broka bado anapiga simu.