Skrini ya Kwanza Inayoitaja Uganda

Mwezi huu tunarudi kwenye kompyuta. Wale wanaojifunza kuandika programu wameshaonana na Vim, ya kuandikia maandishi matupu. Inakubali hata kompyuta kuukuu, tena haidai intaneti, ndiyo maana tunaipenda.

Ukiifungua bila kutaja faili, katikati ya skrini unaona maneno machache: jina lake, namna ya kutoka (:q), na mara nyingi ombi la kusaidia watoto maskini wa Uganda. Naam, Uganda hii hii! Aliyeitengeneza, Bram Moolenaar wa Uholanzi, alijitolea mwaka 1994 kwenye kituo cha watoto cha Kibaale, wilaya ya Rakai, mbali kusini-magharibi na sisi wa Sop Sop. Alishughulikia maji na usafi. Ukimwi ulikuwa umeacha mayatima wengi kule. Vim aliitoa bure, akaomba tu mwenye kufurahi achangie watoto hao, na ombi hilo akaliacha pale hadi alipofariki Agosti 2023.

Sasa vijana wanapenda kuweka plagini, yaani kijiprogramu cha kupachika, ili skrini hiyo ibadilike. Startify, kwa mfano, inaorodhesha faili ulizofungua karibuni. Bonyeza namba, unaendelea na kazi. Inaleta hata ng'ombe anayesema misemo! Kwa mtu mwenye nusu saa tu na mwenzake anangoja nyuma, orodha ile ni msaada.

Lakini kompyuta yetu ni ya wengi, jamani. Mama akiandika barua ya rufaa ya kesi yake, jina la faili litamtokea kila atakayekaa baada yake. Kwa hiyo sisi tunapendelea plagini nyepesi kabisa, mistari mitatu minne, bila orodha yoyote. Na ukiwa na barua ya siri, fungua hivi: vim -i NONE. Hapo Vim haiandiki jina la faili kwenye kumbukumbu yake ya orodha ile. Faili yenyewe ihifadhi kwenye flashi yako.

Plagini ikishika skrini, ombi la Uganda linapotea. Wengine wanasema afadhali, wamechoka kuitwa maskini. Tunawaelewa, ila mstari ule umechangia karo za watoto wengi. Plagini nyingi zinakuachia nafasi ya maneno yako juu. Unaweza kuuandika upya hapo, kwa Kiswahili au Dhopadhola, na neno "maskini" ukaliacha.