Flashi haijajaa, ni FAT32!

Wadau, juzi mpiga video mmoja hapa Nyeri alitaka kuibana video ya harusi ya Karatina hadi picha ziwe na ukungu. Sababu? Flashi mpya ya GB 32 ilikataa faili moja ya GB 6. Jamani, nafasi ilikuwepo! FAT32 huandika ukubwa wa faili kwa biti 32 tu, kwa hiyo mwisho ni baiti 4,294,967,295, karibu GB 4. Dawa ni exFAT, iliyotoka mwaka 2006. Hamisha kwanza vilivyomo, maana kufomati hufuta vyote. Runinga ya zamani ikikataa exFAT, kata video vipande viwili, ubora ubaki. Wenye maduka, mwambieni mteja mapema. Harusi hairudiwi.