Mwacheni Mtoto wa Bwera Asome Hisabati

Wazazi wa Kasese, acheni kuwajazia watoto fomu za chuo kikuu. Mtoto amemaliza kidato cha sita kwa fizikia, kemia na hisabati, alama zake nzuri, anataka kusoma shahada ya hisabati. Basi ukoo mzima unamshukia. Baba anataka mhandisi, shangazi anataka daktari, na mjomba aliyeko Kampala anapiga simu kuuliza hiyo hisabati italiwa na nini. Wiki haijaisha, fomu imeshabadilishwa. Nasema wazi: ukoo umekosea, na serikali imeusaidia kukosea.

Mwaka 2022 serikali ya Uganda ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, huku mwenzake wa masomo ya sanaa akibaki na milioni moja na ushee. Walimu wa sanaa wakagoma, na haki walikuwa nayo. Mwalimu wa hesabu kulipwa vizuri si kosa. Kosa ni kwamba tangu siku hiyo somo lenyewe limepachikwa bei, na kila anayelitazama anaona bei tu. Tena anayesoma hisabati yenyewe, bila ualimu, hiyo milioni 4 haioni mpaka arudi darasani kutafuta sifa za ualimu. Mtoto anasukumwa kwenye hisabati kwa ajili ya mshahara, na anafukuzwa humo kwa sababu ya mshahara huohuo.

Nendeni Mpondwe, mpakani na Kongo, siku ya soko. Mama anauza samaki wa chumvi: anapokea faranga za Kongo, anarudisha chenji kwa shilingi za Uganda, na deni la mteja wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka, analiweka kichwani kwa dola. Kiwango kimebadilika tangu asubuhi, naye hana kikokotoo wala hakosei. Kisha binti wa mama huyo anakwenda shule na kuambiwa hesabu si za wasichana. Aliyemwambia amewahi kusimama mbele ya meza ya mama yake?

Tunapenda pia kujigamba na mfupa wa Ishango. Ng'ambo tu ya mpaka wetu, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa wa sentimita 10 hivi, wenye umri wa miaka 20,000 hivi, uliochanjwa mikato kwa safu. Safu moja ina mikato 11, 13, 17 na 19, yaani namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Wataalamu bado wanabishana kama aliyeichanja alikusudia hivyo, na mfupa wenyewe uko Brussels. Majigambo yanaishia hapo. Hakuna anayeuliza swali linalofuata: namba tasa zina mwisho?

Jibu lake linaenea kwenye kipande cha ubao. Chukulia zina mwisho, na wewe umeziorodhesha zote. Zizidishe zote pamoja, kisha ongeza 1. Namba hiyo mpya, uigawe kwa tasa yoyote ya orodha yako, itabakiza 1. Basi ama yenyewe ni tasa, ama inagawanyika kwa tasa ambayo hukuiorodhesha. Orodha uliyoapa kwamba imetimia haikutimia, wala haitatimia kamwe. Euclid aliandika hoja ya namna hii zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Haihitaji maabara, umeme wala intaneti. Inahitaji chaki. Na msichana wa Bwera, hapa Kasese, akiisimamisha ubaoni, profesa anayebisha itambidi aonyeshe mstari wenye kosa. Cheo chake hakitamsaidia.

Hiyo ndiyo shahada ya hisabati. Shuleni ulisifiwa kwa kupata jibu haraka. Chuoni unaulizwa umejuaje. Mambo uliyoyatumia miaka yote bila wasiwasi unaambiwa sasa uyathibitishe, na wengi wanaangukia hapo, kwa sababu tangu darasa la kwanza hakuna aliyewauliza hivyo. Na wahadhiri wanaogawa noti za fotokopi ili wanafunzi wakariri uthibitisho kama dua nao wana dhambi yao. Uthibitisho uliokaririwa haujathibitisha kitu.

Sasa niambieni ni wilaya gani inayohitaji watu wa kuuliza "umejuaje" kuliko hii. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kuchukua shaba ya mgodi wa Kilembe. Shaba ilikwenda, mashimo yakabaki. Baadaye masalia ya mgodi yakachenjuliwa kupata kobalti, nayo ikaenda. Mto Nyamwamba, upitao hapohapo Kilembe, ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020 ukaiharibu hospitali ya Kilembe. Kila mara tunaletewa tarakimu: tani, hasara, fidia, uwezekano wa mafuriko mengine. Nasi tunapiga makofi. Mkulima wa kahawa kule Kyarumba angalau huitazama mizani kwa jicho la shaka. Wasomi wetu hata hilo hawafanyi.

Najua, maskini ana haki ya kuuliza chakula kitatoka wapi. Benki, bima, takwimu na programu za kompyuta zote zinatafuta vichwa vya namna hii, na tangu 2016 taasisi ya Kiafrika ya hisabati, AIMS, mjini Kigali inafundisha shahada ya uzamili ya hisabati kwa ufadhili. Lakini sitaki kushinda kwa hoja hiyo. Anayeitetea hisabati kwa mshahara tu ameshakubali kwamba ikikosa mshahara itupwe.

Basi walimu wakuu, acheni kuwapangia watoto masomo kwa kuangalia bei ya soko. Wabunge mnaotangaza basari majukwaani, tengeni nafasi ya hisabati yenyewe, muitaje kwa jina. Nanyi wazazi, mtoto akisema anataka kuisoma, msimuulize atakula nini. Muulizeni leo amethibitisha nini. Akikosa jibu, mnyang'anyeni fomu. Akianza kueleza, nyamazeni mumsikilize, na akimaliza mpeni kalamu aijaze mwenyewe.