Mekapu Geini Inatudanganya, na Mimi Niliwauzia Huo Uongo

Wacha nikiri mapema kabla mtu hajaniumbua kwa komenti.

Mwaka jana niliuza furushi la priseti za vokali. Shilingi 800, lipa na M-Pesa, unatumiwa linki. Nilitengeneza video ya sekunde 40: kwanza vokali tupu, halafu nabonyeza kitufe, na vokali inaruka mbele kama imetoka studio ya mamilioni. Komenti zikajaa moto. Watu 31 walinunua.

Kitu sikuwaambia, na naapa wakati huo hata mimi sikuwa nimeelewa vizuri, ni kwamba hiyo "baada" ilikuwa juu kuliko "kabla" kwa karibu desibeli 6. Yaani sikuwauzia miksi, niliwauzia volyumu, na volyumu kila mtu anayo bure kando ya simu yake.

Sasa nimeamka. Na kwa vile bado naona mafundi wa YouTube wakirudia mchezo uleule kila wiki, leo tutasemezana.

Kwa wale wageni wa mambo ya miksi: kompresa kazi yake ni kupunguza. Unaiwekea thresholdi, yaani kizingiti, na sauti ikivuka hapo inakandamizwa. Ikishakandamiza, sauti yote inaonekana imeshuka, ndiyo kwa maana kuna kidude kingine cha kuipandisha tena baadaye. Hicho ndicho mekapu geini. Mwaka wangu wa kwanza nilidhani ni mekapu ile ya poda na lipstiki. Usicheke. Maana yake halisi ni kufidia, kurudisha kilichopotea. Lakini ukiangalia vile tunaitumia huku mtaani, poda iko karibu na ukweli zaidi.

Hebu tupige hesabu, hii ndiyo shule ambayo hakuna mtu alinipa. Weka thresholdi kwa -20, resho 4 kwa 1. Vokali yako pale inapopiga kelele zaidi inafika -8. Imevuka kizingiti kwa desibeli 12. Kwa resho ya 4, hizo 12 zinabaki 3, kwa hivyo inatoka -17. Kompresa imekula desibeli 9. Wewe unaona mita inacheza, unafurahi, unaongeza mekapu 9 ndiyo kilele kirudi kwa -8. Sawa?

Si sawa. Pumzi ya mwimbaji ilikuwa -38. Haikuguswa na kompresa hata kidogo, kwa sababu haikufika kizingiti. Lakini mekapu haichagui, inapandisha kila kitu. Pumzi sasa iko -29. Kelele ya chumba iliyokuwa -60 sasa iko -51. Na mimi narekodia bedsita, blanketi mbili ukutani, stage ya matatu hapo chini, na jogoo wa jirani ambaye hana saa. Kilele hakijapanda hata desibeli moja. Kilichopanda ni jogoo.

Najua kuna msee tayari anaandika: "Bro, hiyo ni volyumu tu, hata fada ingefanya hivyo." Ndiyo, buda, umenena! Kompresa ndiyo imepunguza umbali kati ya kelele na minong'ono, mekapu imesogeza tu kila kitu juu. Sasa niambie, kama ni volyumu tu, mbona kwa video yako unaniambia nisikilize "vile kompresa imefungua sauti"? Kompresa haijafungua kitu. Kazi yake ni kubana. Uliongeza volyumu halafu sifa ukampa mwingine.

Na masikio yetu ndiyo yanakubali huu uongo haraka. Fletcher na Munson walichapisha utafiti wao mwaka wa 1933, wakiwa Bell Labs huko Marekani, wakionyesha kwamba sikio halisikii besi na treble vizuri sauti ikiwa chini. Pandisha volyumu, na besi inajaa, na kule juu kunang'aa, bila wewe kugusa ikwalaiza. Ndiyo kwa maana wimbo uleule ukiwa juu kidogo unaonekana umeiva. Hauhitaji desibeli 6. Hata 1 inatosha kukufanya useme "hii ya pili iko poa, lakini siwezi kueleza kwa nini." Huwezi kueleza kwa sababu hakuna cha kueleza.

Wazee waliotengeneza hizi mashine hawakuwa wajinga. Chukua LA-2A, ile kompresa ya taa ya miaka ya sitini ambayo kila mtu ana plagini yake, nyingi zikiwa za kuiba. Vidude vikubwa ni viwili tu: kimoja cha kupunguza vilele, kingine cha geini. Enzi hizo geini ilikuwa lazima. Ukipeleka sauti ya chini kwa tepu, tepu ina mvumo wake, na muziki wako unazama ndani yake. Kwa hivyo walirudisha kiwango ndiyo mashine inayofuata ipate chakula cha kutosha. Sisi leo tuko ndani ya kompyuta, biti 32 za floti, hakuna tepu, hakuna mvumo. Sababu ya zamani imekwisha, lakini mkono bado unaenda pale kwa mazoea. Nakubali sehemu moja: kama baada ya kompresa umeweka plagini ya kuchafua sauti kidogo, ama kompresa ya pili, kiwango kinachoingia huko kinabadilisha kazi yake. Hapo mekapu ina maana, na inafaa kuwekwa kwa akili.

Kinachoniudhi zaidi ni mekapu ya kujiendesha. ReaComp ya Reaper ina kisanduku chake, Logic ina Auto Gain, Ableton ina kitufe cha Makeup. Nyingi za hizi haziskizi wimbo wako. Zinaangalia thresholdi na resho ulizoweka, zinapiga hesabu zao, zinaongeza. Kwa hivyo ukivuta thresholdi chini zaidi, sauti inazidi kupanda badala ya kushuka. Mwanafunzi anavuta chini, anasikia utamu, anavuta tena, utamu umeongezeka, anavuta tena. Akifika mwisho vokali imekuwa chapati, na yeye anadhani amegundua siri. Mimi nilikuwa huyo mwanafunzi. Niliacha chuo mwaka wa pili, pesa za semesta zikageuka interfesi na maikrofoni, kwa hivyo mhadhara wangu wote ulikuwa ni hizo video. Mamangu bado huniuliza hiyo kompyuta inasomea kozi gani. Mtu wa chuo akifundishwa vibaya ana dini na ofisi za kulalamika, ama angalau ana wenzake darasani. Sisi tuna sehemu ya komenti, na mwenye video anaweza kukublock.

Sasa niwaambie kilichonifanya niandike.

Kuna mama mmoja wa kwaya alikuja kwangu kurekodi wimbo mmoja tu. Mamake alikuwa amefariki, familia inajiandaa kwa maombi ya kutimiza mwaka, na yeye alitaka wimbo upigwe siku hiyo. Aliimba mara mbili. Mara ya pili, mstari wa mwisho, sauti ilimkatika. Hakusimama. Alimaliza ule mstari kwa sauti ndogo sana, karibu kunong'ona, na tukanyamaza wote wawili kama dakika nzima.

Mimi nikaenda kufanya "uprofesheno" wangu. Kompresa, mekapu, kompresa nyingine, mekapu, limita kwa masta. Kwa spika zangu ilikuwa moto. Nikamtumia. Siku mbili baadaye akaja mwenyewe, akaketi, akatoa simu yake, akacheza taratibu.

"Kijana wangu," akasema, "sijui mambo ya mashine. Lakini mbona nahema hivi, kama mtu amefukuzwa na mbwa? Na hapa mwisho, mbona nasikika nikipiga kelele? Hapa sikupiga kelele."

Nikamwambia, "Mama, hiyo ndiyo sauti ya kisasa, redio zote ziko hivyo."

Hakubishana. Aliniangalia tu, akanilipa nusu tuliyokuwa tumebakisha, akaondoka. Baadaye nilisikia kwa mtu kwamba siku ya maombi hawakuucheza. Aliimba mwenyewe, hapo nje, bila maiki.

Mnajua kitu kibaya? Alikuwa ameeleza tatizo la kiufundi vizuri kuliko video yoyote niliyowahi kutazama. Pumzi zimepanda. Pale pa chini pamekuwa sawa na pale pa juu. Yule mama alisikia kwa simu ya kawaida kile ambacho mimi sikusikia kwa hedifoni za elfu kumi na mbili, kwa sababu yeye alijua alivyoimba, na mimi nilikuwa najua tu kwamba mita inacheza.

Nikafungua ile kazi tena. Trek 22, kwa sababu kulikuwa na waitikiaji na kinanda na ngoma. Nikafanya hivi: narudia sehemu moja yenye nguvu, naweka kompresa vile nataka, halafu nageuza mekapu mpaka ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa zinalingana kwa sikio. Si kwa kilele cha mita, tumeona vile vilele vinaweza kulingana na jogoo bado akapanda. Kwa sikio, ama kwa mita ya LUFS kama unayo. Halafu nafumba macho, nabonyeza baipasi haraka haraka mara nyingi mpaka nimepoteza hesabu na sijui iko wapi. Nasikiliza. Nachagua ninayopenda. Nafungua macho.

Kompresa 13 niliziondoa. Kumi na tatu! Nilikuwa nimeziweka nikidhani zinasaidia, na zilikuwa zinaongeza volyumu tu. Nyingine mbili zilikuwa zinaua ngoma kabisa, ataki iko haraka mno, ule mgongo wa kwanza wa ngoma unakatwa, halafu mekapu inakuja kuninunulia kile nilichoharibu. Kwa vokali nilibakisha moja, ya upole, desibeli 3 hivi pale kwa kelele, na ule mstari wa mwisho nikauacha vile ulivyo. Nilimtumia mama ile mpya. Hajajibu. Sitamfuata.

Kuna hoja ya mwisho, ya watu wa nganya: "Sisi tunatengeneza muziki wa mat, lazima ipige." Naelewa, nami napenda mat inayotetemesha dirisha. Lakini dereva ana amplifaya na ana mkono. Atapandisha. Kile hawezi kufanya ni kurudisha mpigo wa kick ambao wewe uliusaga bapa kwenye miksi. Ukimpelekea wimbo uliobanwa na kupakwa mekapu kila trek, akipandisha anapata kelele nene isiyo na mpigo, na abiria wanaumwa na kichwa kufika Roysambu. Mwenzako aliyeacha ngoma ipumue, akipandishwa, anapiga watu kifuani.

Na ukiweka mtandaoni ndiyo mbaya zaidi. Spotify kwa kawaida inasawazisha nyimbo karibu na -14 LUFS. YouTube nayo inashusha zile zilizo juu sana. Kwa hivyo ile volyumu yote uliyohangaikia inachukuliwa mlangoni, na unabaki na kilichokuwa chini ya poda. Weka wimbo wako kando ya wimbo wa mtu aliyetulia, zote zikiwa zimesawazishwa, na uskize nani ni mdogo.

Kwa hivyo wenzangu wa video, hii naandika kwenu moja kwa moja. Mkionyesha "kabla" na "baada", sawazisheni viwango. Ni kazi ya sekunde 10. Kama baada ya kusawazisha hakuna tofauti ya maana, basi hamna video, tafuteni mada ingine. Najua mtapoteza views. Mimi nilijaribu ile priseti yangu ya 800 hivyo, kabla na baada zikilingana, nikamwita binamu yangu asiyejua chochote achague. Alichagua "kabla" mara nne kati ya tano.

Kwa hao 31 walionunua: furushi nimelitoa. Ishirini na saba nimewarudishia pesa tayari. Wanne waliobaki namba zao hazishiki, ama mlibadilisha laini. Nitumieni ule ujumbe wa M-Pesa wa siku mliyolipa, niwatumie 800 yenu. Sitawauliza sababu.